Kushusha motokari ya kila siku bila kuvunja migongo ya watu: namna nilichagua resori



Wengi mnaijua IST yangu ya rangi ya majivu. Siku moja baada ya mkutano nilibeba wanne wenu mpaka Kamalondo, na mmoja akauliza: "Agro, motokari yako iko chini kidogo, mbona haitupige migongo?" Siku ile nilijibu mbio mbio juu mvua ilikuwa inakaribia. Leo najibu kwa urefu, sababu tangu pale wawili kati yetu wamekwisha kukatisha resori kwa mafundi wa kartie, mmoja amemaliza pine mbili za mbele kwa miezi mitatu, na shemeji yangu karibu afie kwenye njia ya Kipushi.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Resori ni kile chuma kilichozungushwa ambacho jirani zetu wa Tanzania wanaita springi. Amortisere ni ile bomba yenye mafuta ndani. Wao wanaiita shokapu. Resori inabeba uzito, amortisere inatuliza resori isiendelee kurukaruka. Watu wanachanganya hivi vitu viwili, na makosa mengi yanaanzia pale.

Mwaka jana nilimwendea mekanisye mmoja, jina lake nalibakisha, nikamwambia nataka kushusha. Hakuuliza nabeba watu wangapi, hakuuliza napita njia gani. Aliinama, akaangalia nafasi kati ya pine na karoseri, akasimama.

— Enjenyere, iyi tunakata turu moja kila fasi. Dola 30, saa moja umekwisha kwenda.
— Na mu njia itakuwa namna gani?
— Itakuwa ya spoti.

Nilimwambia nitarudi. Ukweli ni kwamba nilikuwa karibu kukubali, dola 30 si falanga nyingi, na sikatai: napenda motokari iliyo chini. Inapendeza macho, na kwenye kona za lami inalala vizuri zaidi. Lakini nikafikiri kazi ya motokari yenyewe. Siku tano kwa juma inabeba watu wanne kutoka Katuba kwenda mjini, tunachangia esanse. Siku ya posho inaenda mashambani njia ya Kipushi. Siku ya Mungu inabeba mama yangu kanisani, na mama ana shida ya mgongo ambayo hata kiti cha nyumbani anakichagua. Kwa hiyo swali langu halikuwa "nishushe sentimita ngapi?" Swali lilikuwa: nikishusha, watu watano wakiingia, resori itakuwa bado na njia ya kutembea ao itakuwa imekwisha kufika mwisho?

Swali hili ndilo linaamua mambo yote, na nitalirudilia.

Tuanze na kukata, sababu ndiyo inafanyika zaidi hapa kwetu. Ugumu wa resori unategemea vitu vitatu: unene wa chuma chake, upana wa mzunguko, na hesabu ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio mkali kupita yote, sababu katika hesabu unaingia mara nne: unene mara unene mara unene mara unene. Chuma cha mm 10 ukikibadilisha na cha mm 11, jicho haliwezi kuona tofauti, lakini resori imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 46. Ndiyo maana kununua resori ya okazyo kwa macho, eti "inafanana na yangu", ni kucheza bahati nasibu. Nendeni na kipimo cha kupimia unene, hata kile cha plastiki. Upana unaenda kinyume: mzunguko mpana unalainisha. Hesabu ya mizunguko nayo ni kinyume: mingi inalainisha, michache inagumisha. Resori ya mizunguko 5 ukikata 1 inabaki na 4, na ugumu unapanda kwa asilimia 25. Chuma ni kile kile, lakini resori si ile tena. Mafundi wengi hawalijui hili. Wanafikiri wamepunguza urefu tu.

Mwisho wa resori pia umetengenezwa ulale vizuri katika sahani yake. Ukiukata, unabaki umeinuka kama pembe na kusukuma upande mmoja. Tena resori imekuwa fupi: pine ikining'inia ndani ya shimo, hakuna kinachoibana, inacheza. Shemeji alikata nyuma turu moja na nusu. Kwenye njia ya Kipushi aliingia katika shimo, resori ya kushoto ikatoka fasi yake, motokari ikakaa upande na kugeuka mpaka katikati ya njia. Roli iliyokuwa nyuma ilisimama. Ingeweza kutosimama. Dada yangu na mtoto walikuwa ndani.

Kuna wanaotumia shalimo badala ya msumeno: wanachoma resori ikiwa kwenye motokari mpaka iwe nyekundu, inajishusha yenyewe. Hii ni mbaya kupita kukata. Chuma cha resori kilipikwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani ili kila kikibanwa kirudi. Moto wa shalimo unafuta upishi ule, na fasi ilipochomwa inaendelea kuzama mwezi kwa mwezi, ao inavunjika. Sina kingine cha kusema juu yake.

Sasa, namna ya kupima. Mimi siko mekanisye, niko agronome, na kitu ambacho hakikosekani kwangu ni mifuko ya mbolea ya kilo 50. Mfuko wa kilo 50 ni kipimo kizuri kupita maneno ya muuzaji. Nilifanya hivi kwenye uwanja ulio sawa. Nikapima kwa mita, kutoka katikati ya pine mpaka ukingo wa karoseri juu yake, kila upande wa nyuma. Usipime kutoka chini ya ardhi, sababu pine nayo inabonyea na itakudanganya. Nikakunja kiti cha nyuma, nikapanga mifuko 2 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, mmoja kila upande. Nikasukuma motokari juu na chini mara tatu ili ikae vizuri, nikapima tena. Ilikuwa imeshuka mm 28. Kila pine ya nyuma ilipokea kilo 50, basi kilo 50 gawanya kwa mm 28 ni karibu 1,8. Ni kusema, inahitaji kilo 1,8 kushusha upande mmoja kwa mm 1. Watengenezaji wa Japani wanaandika ugumu kwa kipimo hicho hicho, kilo kwa milimita. Wa Ulaya wanatumia nyutoni kwa milimita: zidisha kwa 9,8. Wa Marekani wanaandika pauni kwa inchi: nyutoni 1 kwa milimita ni pauni 5,7 kwa inchi.

Angalizo moja hapa. Kilichopimwa kwa mifuko ni ugumu kwenye pine, na resori haikai juu ya pine kabisa, inakaa kando kidogo kwenye mkono. Namba ya kwenye katalogi ni ya resori yenyewe, kwa hiyo itakuwa kubwa kidogo kuliko yenu. Msilinganishe mfuko na katalogi. Linganisheni katalogi na katalogi: resori ya kwanza ya kiwanda ilikuwa ngapi, mpya ni ngapi, imeongezeka asilimia ngapi. Asilimia ile ndiyo mnaileta kwenye namba yenu ya mifuko.

Kisha nikapima njia. Ndani ya kila upande kuna raba inayozuia chuma kisigonge chuma resori ikifika mwisho. Tuiite raba ya mwisho. Kwa rula nilipima nafasi kati ya raba na kile inachogonga, motokari ikiwa tupu: nyuma nilikuta mm 75. Hizo mm 75 ndizo mali yangu yote. Kila kitu tunachofanya, kushusha, kupakia watu, kupita kwenye shimo, kinakula ndani yake.

Watu watatu wa nyuma pamoja na sehemu ya wale wa mbele wanaweka karibu kilo 150 juu ya ekseli ya nyuma, ni kusema 75 kila upande. Na resori ya kiwanda, 75 gawanya kwa 1,8 ni mm 42. Zinabaki mm 33 za kupokea mashimo. Ndiyo motokari ilivyotoka kiwandani, na hata hivyo kwenye shimo kubwa tulikuwa tunasikia "tok".

Tufanye sasa alivyotaka fundi. Kukata turu 1 kungeshusha karibu mm 40, zinabaki 35. Ugumu umekuwa 2,25, basi watu watano wanakula mm 33. Zinabaki mm 2. Huo ni unene wa kijiti cha kiberiti. Motokari haijatoka hata kwenye geti la nyumba.

Seti ya "chini sana" ambayo kijana mmoja alinionyesha kwenye simu: inashusha mm 50, ugumu tuseme 2,5 kwenye pine. Zinabaki 25, watu wanakula 30. Wameisha kukaa juu ya raba kabla ya kuwasha motere. Motokari ile inapendeza ikiwa imesimama na tupu, kama kwenye picha.

Seti ya kushusha mm 20, ugumu 2,1, ni kusema karibu asilimia 17 zaidi ya kiwanda: zinabaki 55, watu wanakula 36, zinabaki 19. Ni pungufu ya kiwanda, lakini ni njia, ukiwa na amortisere nzima. Hapo ndipo niliamua.

Wengi watasema: lakini resori ngumu inatikisa. Nilifikiri vile pia, mpaka nikafanya hesabu ya mdundo. Kila motokari ina mdundo wake, mara ngapi kwa sekunde inapanda na kushuka ukiisukuma na kuiachia. Hesabu ni rahisi: chukua uzito unaobebwa na resori moja, gawanya kwa ugumu, unapata mm ambazo imebonyea, kisha chukua 15,8 gawanya kwa rasine kare ya zile mm. Nilipitisha IST kwenye baskule ya depo moja ya mahindi, ekseli moja moja: nyuma ilikuwa kilo 400. Tosha pine, breki na vyuma ambavyo havibebwi na resori, inabaki kama kilo 160 kila upande. Resori ya kiwanda inatoa mdundo wa 1,7 kwa sekunde motokari ikiwa tupu, na 1,4 ikijaa. Ile ya 2,1 inatoa 1,8 na 1,5. Na ile iliyokatwa? Tupu ni 1,9.

Angalieni vizuri namba hizi. Kati ya seti nzuri na resori iliyokatwa, tofauti ya mdundo ni ndogo sana. Mgongo wa mama hauwezi kuijua. Motokari za kawaida zinatengenezwa ziwe kati ya 1 na 1,5 hivi, karibu na mwendo wa mtu anayetembea, na za mbio zinapita 2. Wote wawili wako kati. Kinachovunja mgongo si ugumu ule. Ni raba. Resori ikifika kwenye raba, ugumu unaruka ghafla mara nyingi zaidi, na mtikisiko unakuwa wa haraka na mkali. Mwili wa mtu aliyeketi unasumbuliwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde. Basi wanaosema "motokari ya kushushwa ni ngumu" mara nyingi hawajawahi kusikia resori yao. Wanasikia raba.

Ndiyo maana pia kuna watengenezaji wanaotoa raba fupi ndani ya boksi, ao wanaandika ukate raba kwa mm fulani. Karatasi ile isomeni, msitupe. Lakini msikate raba kwa akili yenu wenyewe: iko pale kuzuia pine isiguse karoseri.

Kuna resori za aina mbili mtakazokutana nazo. Ya kwanza, mizunguko yote iko mbali sawasawa, na ugumu ni mmoja. Ya pili, upande mmoja mizunguko imesogeleana. Uzito ukiongezeka ile ya karibu inagusana na kulala, inayobaki kufanya kazi ni michache, na mnakumbuka: michache ni ngumu. Kwa hiyo ukiwa peke yako iko laini, ukijaza watu inajigumisha. Kwa motokari inayobeba mtu mmoja leo na watano kesho, mimi nachagua hii ya pili bila kusita. Watu wa mbio hawaipendi, wanataka ugumu mmoja wanaoujua. Sisi hatuendi mbio, tunaenda Kipushi.

Mbele sikupoteza wakati mwingi. Motere inakaa pale siku zote, watu hawaongezi sana, kwa hiyo njia ya mbele haibadiliki sana. Shida ya mbele ni tumbo la mafuta ya motere na ukingo wa pare-shoki. Lakini kanuni moja ishikeni: msichanganye mbele ya seti moja na nyuma ya seti ingine. Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kuingia Cadillac kule Marekani mwaka 1930, ndiye aliyeonyesha kwamba resori za mbele zinapaswa kuwa na mdundo wa polepole kidogo kuliko za nyuma. Sababu yake inaeleweka hata bila hesabu: pine za mbele zinapanda tuta kwanza, za nyuma zinafuata. Kwa IST, kati ya ekseli na ekseli ni mita 2,37. Ukienda km 60 kwa saa, nyuma inachelewa sekunde 0,14. Nyuma ikiwa na mdundo wa haraka zaidi, inafikia mbele, na motokari inapanda na kushuka ikiwa imelala sawa. Ikiwa kinyume, inaanza kutikisa kichwa kama mbuzi anayekubali kila kitu. Mtengenezaji amekwisha kupanga hili ndani ya seti. Ukinunua mbili za mbele tu sababu falanga zimeisha, umeharibu mpango wake.

Dodane sasa. Sheria ya Japani inadai motokari ibaki angalau cm 9 kutoka chini, na seti nyingi za kule zinaheshimu kipimo kile. Majina mtakayoyaona sana ni TEIN ya Yokohama, iliyoanza 1985, RS-R, Tanabe; na kwa Ujerumani Eibach, tangu 1951. Wanajua kazi. Lakini cm 9 za Japani ni za Japani, hawajaona dodane ambayo watu wa kartie wamejimwagia wenyewe usiku kwa sima iliyobaki. Ya karibu na kwetu niliipima asubuhi moja kwa ubao na mita, watoto wakinizunguka wakiuliza kama ninatoka serikalini: cm 11. Sehemu ya chini kabisa ya IST yangu ni bomba la moshi, katikati: cm 15 motokari ikiwa tupu, cm 12 ikiwa na watu watano. Nilikuwa na sentimita 1 tu ya kuchezea, pamoja na milimita chache ambazo resori ngumu inarudisha kwa kutobonyea sana. Hesabu ya njia ilisema mm 20 inawezekana; dodane ikasema hapana.

Kilichoniokoa ni uzee. Namba ya kwenye boksi, "mm 20", inahesabiwa kutoka motokari mpya. Resori zangu zilikuwa na miaka 20, zilikuwa zimechoka. Nilijua kwa kupima: upande wa kulia ulikuwa chini ya ule wa kushoto kwa mm 8, sababu motokari ya Japani ina usukani kulia, na kwa miaka yote ile mara nyingi kulikuwa na mtu mmoja tu ndani. Nikakisia kwamba mm 20 za boksi zitakuwa kama 12 ao 14 kwangu. Ninyi pia pimeni pande zote nne kabla ya kuagiza. Kama pande hazilingani, resori zimechoka, na hata resori mpya za kiwanda zitawasaidia.

Lakini falanga za kwanza hazikuenda kwenye resori. Zilienda kwenye amortisere, nne mpya, na zilinigharimu kupita resori zenyewe. Za zamani zilikuwa zinatoa mafuta. Sukumeni kona moja ya motokari kwa nguvu na kuachia: ikipanda, ikashuka na kutulia, ni sawa, ikiendelea kuyumba mara mbili tatu, amortisere imekufa. Kuweka resori ngumu juu ya amortisere iliyokufa ni kama kumpa mtu dhaifu gunia zito zaidi. Kwa ugumu ulioongezeka asilimia 17, amortisere nzuri ya kawaida inamudu. Ukifika asilimia 40 ao 50, inabidi amortisere za aina yake, fupi na zenye nguvu zaidi, na hapo tumetoka kwenye bajeti ya mtu anayetafuta kazi.

Ukiagiza, usiseme "ya IST" tu. Soma kibati chini ya kapo: NCP60 ni motere ya 1,3, NCP61 ni ya 1,5, na NCP65 ni ile ya 1,5 inayovuta kwa pine nne. Uzito na urefu havilingani, na muuzaji wa mbali atakutumia ile unayoandika. Mimi yangu ilipitia Dar es Salaam, ikachukua majuma sita.

Siku ya kufunga nilikaa pale garaji mwanzo mpaka mwisho. Resori ya mbele imebanwa pamoja na amortisere. Kuifungua kunahitaji mashini yake ya kubana, mbili, pande zote. Fundi wa kwanza alitaka kutumia waya wa fensi uliosokotwa. Nilichukua motokari yangu nikaondoka, hata salamu ya kuagana sikumbuki kama nilitoa. Resori iliyobanwa inaweza kumuua mtu ikichomoka. Wa pili alikuwa na mashini. Kwake niliomba kitu kimoja tu: bulo za silembloki zikazwe mwisho motokari ikiwa imesimama kwa pine zake, si ikiwa imeinuliwa kwa krike. Zikikazwa hewani, raba zinabaki zimepindika siku zote na zinapasuka mapema. Alishangaa, kisha akasema ndiyo maana zinarudi kila mara.

Baada ya juma moja, resori zikiwa zimekaa, nilienda kufanya paralelisme. Ndugu yetu aliyemaliza pine mbili, shida yake ni hii. Ukishusha, pine za mbele zinabadilisha upande zinapotazama, kidogo sana, jicho halioni, lakini zinajisugua chini kila mita unayotembea. Alitumia dola nyingi kwa resori, akahurumia zile chache za paralelisme. Na taa za mbele zielekezwe upya siku hiyo hiyo.

Matokeo: kushoto ilishuka mm 16, kulia mm 9, na sasa pande zote ziko sawa. Kwa wastani ni mm 13, ni kusema nyuma na watu watano nabaki na mm 26 za njia. Nilipaka chaki kwenye raba za mwisho, tukatembea siku nzima watu watano, jioni chaki ilikuwa bado pale upande mmoja, na upande wa pili imefutika kidogo. Ile kidogo ni shimo la mbele ya soko, nalijua. Vijana wa kartie wanasema motokari haikushuka kitu. Mama hakusema neno kwa majuma mawili, kisha siku ya Mungu moja akauliza kama nimebadilisha kiti.

Dodane ya cm 11 bado iko. Nikiwa na watu watano, bomba linapita juu yake kwa nafasi ya karatasi, kwa hiyo naipanda kwa kukata upande, pine moja moja, polepole. Kukiwa na mvua na mtu wa sita amejipenyeza kati yetu, huyo wa sita anashuka, anavuka kwa miguu na kutungojea upande wa pili.